Shangazi wa Chumba cha Baridi

Watu wengi wanaoishi kwa barafu huiuza. Huwauzia wachuuzi wa samaki, wenye vibanda vya soda na wasafirishaji wa nyama. Mwanamke huyu hakuwahi kuuza hata kipande. Kazi yake ilikuwa kuikata barafu iwe nyembamba kama ganda la kitunguu ili watu waliosoma waitazame. Wakishaitazama inayeyuka na kwenda zake kwenye bomba la maji machafu. Mumewe, fundi cherehani mwenye mdomo usiolala, aliwaambia wateja wake kwamba mkewe ndiye mtu pekee anayelipwa mshahara kwa kutengeneza dimbwi.

Kazini walimwita Shangazi. Wanafunzi wa mwanzo walimwita hivyo kwa heshima, waliokuja baadaye wakadhani ndilo jina lake, na mwishowe hata Profesa, ambaye alimzidi umri na kwa haki angemwita mdogo wake, naye akawa anaita Shangazi, Shangazi, bila kuona ajabu.

Chumba chake kilikuwa chini ya jengo la maabara, mwisho wa ukumbi wenye taa moja inayopepesa. Mlango ulikuwa mnene kama godoro, una mpini wa chuma na kidirisha kidogo cha vioo viwili. Nje watu walijipepea kwa madaftari, mashati yamewaganda mgongoni. Ndani ulivaa koti zito, kofia ya kufunika masikio na viatu vyenye manyoya, na pumzi yako uliiona. Kulikuwa na meza ya bati, msumeno wa mkanda, mashine ya kukandamiza, na randa. Siyo randa ya seremala hasa, lakini ni jamaa yake wa karibu: wembe mpana unaopita juu ya barafu na kuiparua kidogo kidogo mpaka uone mwanga ng'ambo ya pili.

Kabla ya hapo alifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, akikata matofali ya samaki waliogandishwa. Profesa alikwenda pale siku friji lake lilipokufa, amebeba makasha ya barafu yake kama mtu aliyebeba mgonjwa, akiomba hifadhi. Akamkuta mama mmoja akipitisha tofali la samaki kwenye msumeno, mstari umenyooka kama uliopigwa rula. Akasahau kilichomleta.

"Barafu tupu unaweza kukata hivyo?" akauliza.

"Samaki ana mifupa," akajibu yule mama bila kuinua macho. "Barafu ina nini?"

Swali lile Profesa alilijibu kwa miaka mingi iliyofuata, maana Shangazi alihamia kwake mwezi uleule. Siku ya kwanza Profesa alimwambia jambo ambalo hakulisadiki. Alisema chuma kikikaribia kuyeyuka huwa chekundu, na mhunzi hukipinda atakavyo. Basi barafu, hata iliyo ndani ya friji, iko karibu na kuyeyuka kwake kama chuma kile chekundu. Ndiyo maana ukiipiga nyundo ghafla inapasuka vipande, lakini ukiiwekea uzito ukaiacha majuma, inajipinda polepole bila hata mlio. Ndivyo barafu za milimani zinavyoshuka mabondeni, akasema, na watu waishio chini wanakunywa maji yake, kwa hiyo si upuuzi kutaka kujua zinashuka kwa mwendo gani.

"Kumbe hata barafu ukiibembeleza inakubali," alisema Shangazi.

Kisha akaonyeshwa rangi. Profesa alichukua kipande chembamba kilichogandishwa juu ya kioo, akakiweka katikati ya karatasi mbili za plastiki nyeusi, za jamaa ya miwani ya jua. Karatasi zile zikikingamana peke yazo ni giza tupu. Ukiweka barafu katikati zinawaka: zambarau, kijani, rangi ya machungwa, buluu. Kwani barafu si kitu kimoja. Ni punje nyingi zilizobanana, kila punje imelala upande wake, na kila ulalo una rangi yake. Ukizitazama punje unajua barafu ile imepitia nini: kama imebanwa, kama imenyooshwa, kama ilipata joto ikaganda tena. Shangazi alitazama akanyamaza kimya. Mumewe hasadiki mpaka leo kwamba jambo hilo liliwahi kutokea.

Toka hapo chumba kile kikawa chake. Alikipenda, na sioni haya kulisema kwa niaba yake, ingawa mwenyewe angesema ni kazi tu. Alijiwekea sheria na kuzilinda kama askari wa zamu: usipulizie kipande, usiegemee meza, usishike barafu kwa mkono mtupu, hata kwa kucha. "Mkono wako ni jiko la mkaa," aliwaambia wageni, na aliyeghafilika alitolewa nje na glavu zake, awe mwanafunzi, awe mkuu wa idara. Mkuu wa idara alitolewa mara mbili.

Sasa, vidole. Vilianza kwa kuwa vyeupe kwenye ncha, kisha vikawa vinachomachoma akitoka nje kwenye joto, naye akavisugua na kuendelea. Baadaye viliacha kuchoma, akafurahi, akidhani vimepona. Kumbe vilikuwa vimenyamaza. Daktari aliyemwendea alimfumba macho kwa kitambaa, akamgusa ncha za vidole kwa sindano, mkono wa kulia kisha wa kushoto, akimwambia aseme akisikia. Shangazi alisikia dole gumba la kulia tu, akakaa akisubiri aendelee, na daktari alikuwa ameshamaliza.

"Dole gumba la kulia ndilo limebaki," daktari akasema. "Toka kwenye baridi, mama. Usipotoka wewe, vitatoka vidole."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo Shangazi aliijua, na aliwahi kumwimbia jirani yake aliyeficha jipu. Yake mwenyewe aliificha. Hakumwambia Profesa, kwa sababu Profesa angemtoa siku hiyohiyo na kumpa meza ya mapokezi, awe anawaelekeza wageni choo kilipo. Hakumwambia mumewe, kwa sababu mumewe angemwambia Profesa. Aliogopa. Chumba kile ndipo mahali pekee duniani ambapo mtu akitaka jambo lifanyike vizuri alimwita yeye, na mwanamke aliyeacha shule mapema hapati mahali pa namna hiyo mara mbili.

Basi akajikaza kisabuni. Alichokuwa akikijua kwa vidole akajifunza kukijua kwa macho, na pale macho yaliposhindwa akatumia lile dole gumba.

Mwaka ule alikuwepo mtafiti mmoja, binti mwembamba mwenye miwani, ambaye wenzake walimbandika jina la Maswali. Halikuwa jina la kumwonea. Binti huyu aliuliza kwa nini taa ya ukumbini inapepesa, kwa nini Shangazi anakunywa chai bila sukari, na kwa nini barafu ikitiwa chumvi inazidi kuwa baridi. Shangazi alijidai anachoshwa naye, akimwambia, "Mwanangu, pumua kwanza," lakini siku ambayo Maswali hakuja alizunguka chumbani kama aliyepoteza ufunguo.

Swali kubwa la Maswali lilikuwa hili. Barafu ikibanwa kwa uzito mkubwa, punje zake huchoka, na kwenye mipaka yake huzaliwa punje mpya ndogondogo. Hilo linajulikana. Lakini ikibanwa kwa uzito mdogo, taratibu? Vitabu vilisema punje mpya hazizaliwi, za zamani hunyooka tu. Maswali alitaka kuona kwa macho yake. Wakaponda barafu, wakaichekecha, wakaijaza kwenye kopo na kuimiminia maji yaliyo karibu kuganda, wakapata gogo dogo la barafu lenye punje zilizo sawasawa. Wakaliweka chini ya mashine kwa uzito mdogo, na likakaa humo msimu mzima. Maswali alikuja kuliangalia kila siku kama mama anayeangalia unga uliotiwa hamira.

Siku ya kulitoa Shangazi alilipasua kwa msumeno kwa urefu, nusu akaifunga na kuirudisha kwenye friji, nusu akaanza kuikatia kipande. Ubao wa barafu ukatoka, mnene kiasi cha kitabu chembamba. Uso wake mmoja lazima uwe sawa kabisa kabla ya kugandishwa kwenye kioo, ama sivyo hewa inaingia chini na kazi yote imekwenda. Usawa ule hauonekani. Unapapaswa kwa ncha za vidole, juu ya glavu laini, na mtu aliyezoea anasikia mkwaruzo mwembamba kuliko unywele.

Shangazi alipapasa. Vidole havikumjibu. Akapapasa tena, akabonyeza. Kimya. Maswali alikuwa amempa mgongo, anaandaa kamera. Shangazi akavua glavu ya kulia, akapitisha dole gumba juu ya barafu, polepole, ukingoni. Akausikia mkwaruzo. Akaurandia, akahakikisha tena kwa dole, akavaa glavu, akakigandisha kipande juu ya kioo na kuanza kukiparua upande wa pili. Kufumba na kufumbua akawa ameshasahau, maana hiyo haikuwa mara ya kwanza.

Kipande kilipowekwa kwenye mwanga, Maswali alipiga ukelele uliosikika ghorofani.

Katikati ya punje kubwa zilizonyooka, ukingoni mwa kipande, palikuwa na kiraka cha punje ndogondogo, mamia, kila moja na rangi yake. Punje mpya, chini ya uzito mdogo.

"Shangazi, zimezaliwa!" Maswali alimkumbatia, makoti mawili manene yakagongana. "Vitabu vimekosea! Unaona? Unaona?"

"Naona," alisema Shangazi.

Aliona kweli. Aliona kiraka kile ni cha mviringo uliorefuka kidogo, kipana kama dole gumba. Joto la ngozi lilikuwa limeyeyusha uso wa barafu, unga wa barafu kutoka kwenye msumeno ukadondokea pale penye maji, na vyote vikaganda pamoja. Kila chembe ya unga ikawa punje yake. Hakuna kilichozaliwa na uzito wowote.

Profesa alikuwa safarini, angerejea asubuhi ya mkutano ambao wataalamu wa vyuo vingine walialikwa, na Maswali angesimama mbele yao kuonyesha kazi yake kwa mara ya kwanza. Picha Maswali alimtumia mchana uleule. Profesa akajibu kwamba jambo hilo likiwa kweli ni kubwa, na waikate nusu ya pili ya gogo kwanza.

"Nusu ya pili tutaikata baada ya mkutano," Maswali alisema, akiandika huku anaongea. "Saa hizi sina muda. Nitasema ni matokeo ya awali. Lakini, Shangazi, wewe mwenyewe si umeona?"

Hapo ndipo angesema. Mdomo aliufungua kabisa. Akamtazama yule binti, uso wote unawaka, akaona meza ya mapokezi na wageni wanaotafuta choo, akasema, "Vaa kofia vizuri, masikio yako nje." Akaenda nyumbani.

Chakula hakikushuka. Mumewe alimtania kwamba leo barafu imemgandisha koo. Alijua jinsi mambo yatakavyokwenda. Kuna mtu katika ukumbi ule angeomba kuona kipande cha pili, na cha pili kisingekuwa na kitu, na Maswali angejulikana toka siku hiyo kuwa mtafiti aliyegundua uchafu. Watu hao husahau mengi lakini kitu cha namna hiyo hawasahau. Upande wa pili kulikuwa na mwanamke mmoja na vidole vyake. Alizipima pande hizo mbili usiku kucha mpaka akachukia nafsi yake kwa kuzipima.

Asubuhi alipiga moyo konde. Alipofika Maswali, alimkuta Shangazi amesimama ndani ya chumba cha baridi, ubao wa barafu ya kutupwa uko mezani, msumeno unaunguruma.

"Shikamoo, Shangazi. Kuna nini?"

"Marahaba. Njoo uone."

Akavua glavu.

"Shangazi, mkono!" Maswali alishtuka, kwa sauti ileile ambayo Shangazi alikuwa akiwapigia wengine.

Shangazi akaweka dole gumba juu ya barafu, akaliacha kidogo, akaliinua. Akasukuma ubao karibu na msumeno, unga ukadondoka. "Haya, gandisha kwenye kioo. Randa wewe." Maswali akaranda, vibaya, lakini ilitosha. Wakakiweka kwenye mwanga.

Kiraka kilikuwa pale pale ukingoni, na rangi zake zote.

Maswali alitazama kipande, akatazama picha ya jana kwenye simu yake, akarudi kwenye kipande. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na swali. Lilipokuja, lilikuja kali.

"Jana ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nimwandikie Profesa. Ukaniacha nimpigie mama simu!"

"Ndiyo."

"Kwa nini, Shangazi? Wewe uliyenifukuza humu kwa sababu ya kucha!"

"Vidole vimekufa, mwanangu. Havisikii kitu. Limebaki hili dole tu, na hili halisikii ndani ya glavu. Daktari alishaniambia nitoke." Akaanza kuvaa glavu, ikamshinda, akaiweka mezani. "Jana niliogopa kukwambia. Hata sasa naogopa."

Maswali alitoka nje na mlango akaubamiza, kadiri mlango mnene kama ule unavyobamizika. Shangazi alimwona kwenye kidirisha, ameegemea ukuta wa ukumbi, miwani mkononi, analia kwa hasira kama mtu aliyenyang'anywa. Na kweli alikuwa amenyang'anywa. Shangazi hakumfuata. Alizima msumeno, akafagia unga.

Maswali alirudi macho mekundu, amebeba ile nusu ya pili ya gogo kutoka kwenye friji.

"Nielekeze," alisema. "Nakata mimi."

Kipande cha kwanza kilivunjika. Cha pili kilipinda. Shangazi alisimama pembeni mikono ameificha makwapani, akisema shusha bega, usisukume, uache msumeno ukate wenyewe, papasa, si hapo, hapo. Cha tatu kilisimama. Kwenye mwanga punje zilionekana kubwa, zimenyooka, zimelaliana upande mmoja. Ukingo mzima ulikuwa safi. Hapakuwa na punje mpya hata moja. Vitabu vilikuwa sahihi.

Maswali alisimama mkutanoni akasema hivyo. Barafu iliyobanwa kwa uzito mdogo, alisema, hufanya kile kilichotarajiwa. Akaonyesha pia kiraka, na kueleza kilivyopatikana, ili mwingine asije akadanganyika nacho. Hakutaja dole la nani. Watu walipiga makofi ya kawaida, wawili wakasinzia, mmoja akamwomba ile picha ya kiraka akawafundishie wanafunzi wake. Ni hayo tu.

Shangazi alimfuata Profesa ofisini na kumwambia mwenyewe, dole lote na vidole vyote. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono kuomba ufunguo wa chumba cha baridi, na akauomba kwa upole kiasi kwamba ingekuwa nafuu angemfokea. Kazi nyingine itatafutwa, alisema. Ipi, hakujua bado.

Jioni Shangazi alimkuta mumewe kwenye cherehani chumba cha mbele, anapinda suruali ya mtu. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, koti la kazi liko mwilini bado, ingawa joto lilikuwa la kukaanga.

"Wamenitoa," alisema. "Mikono yangu imeharibika. Vidole havisikii. Ni muda sasa. Nimekuficha."

Mumewe hakuinua uso. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Umenificha mimi?" alisema. "Vifungo vya nguo zako nani anavishona?"

"Vimefanyaje?"

"Nimevitoa vyote. Nikaweka vikubwa. Vya gauni la kutokea, vya sweta, vya hilo koti ulilovaa. Wewe mwanamke ulikuwa unahangaika na kifungo kimoja mpaka chai inapoa, ulidhani sioni? Sketi zako nimetoa zipu, nimetia mpira kiunoni. Ukanisema mbele ya wateja kwamba nimekuwa mvivu, siku hizi hata zipu inanishinda."

Shangazi aliinamisha kichwa akalitazama koti. Vifungo vilikuwa vipana kama sarafu kubwa, vyeusi, na matundu yake yameshonwa upya kwa uzi wa rangi ileile.

"Mbona hukusema?"

"Wewe ulisema?"

Shangazi alicheka, kicheko kikamgeukia katikati, akalia. Alilia kwa sauti, bila kujali mpita njia, kwa ajili ya chumba chake, na kwa ajili ya ile nguo aliyoivaa mwaka mzima bila kuitazama. Mumewe alimwacha alie. Harufu ya chakula ilikuwa inatoka jikoni, kifuniko kinacheza juu ya sufuria, na Shangazi, akijifuta uso kwa mkono wa koti, akainuka kwenda kukiepua.

"Kaa," mumewe alimwambia, akitoa mguu kwenye kanyagio. "Usishike sufuria. Nitapakua mimi."